Kagueni beseni kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: muuza chakula asiye na kibali cha afya afungiwe papo hapo au apewe muda? Nimepika miaka tisa kando ya mwalo mmoja hapa Kigoma, na mimi mwenyewe nimewahi kufungiwa.

Kufunga kuna siku zake. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi wakiwa wamejazana ufukweni, sikuwa na ubishi na yeyote aliyezima jiko la mtu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo, na afisa afya ana haki ya kuingia na kukagua.

Tatizo ni anachokagua. Kwangu walikuja asubuhi, wanne, wawili mgambo. "Kadi ya kupima afya?" Tunatakiwa kupima kila miezi sita, na yangu ilikuwa imepitiliza wiki mbili. Sufuria ya maharage ikapandishwa kwenye gari. Ugali wa muhogo ukabaki mezani unapoa, wabeba mizigo wananitazama, nami nawatazama. Jirani yangu kadi anayo, kaitia nailoni na kuitundika ukutani. Chini yake beseni moja la kuoshea vyombo, maji ya tangu alfajiri, rangi ya chai ya maziwa, mawese yanaelea juu pete kwa pete. Hakuna aliyeinama. Akaambiwa, "Hongera mama."

Msinielewe vibaya, kupima kuna maana. Taifodi mtu anaibeba bila kuumwa. Huko New York mpishi mmoja, Mary Mallon, aligundulika mwaka 1907 akiwa mzima kabisa, na huku aliowapikia walikuwa wakiugua nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo wenzangu wanaosema "tuacheni, tunatafuta riziki" siko nao. Ila kadi inasema ulivyokuwa siku ile uliyopeleka choo maabara. Kama leo umenawa kwa sabuni, haijui.

Halafu kwenda kupima ni kufunga jiko siku nzima, na pengine kurudi kesho kufuata majibu. Mtaji wetu ni wa leo kwa leo. Ukilala siku mbili, unga wa biashara unaliwa nyumbani. Kuna hata waliodhani kile kitambulisho cha wajasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018, kinatosha kwa kila kitu. Kile ni cha biashara jamani, hiki ni cha tumbo la mteja.

Na aliyefungiwa haachi kupika. Siku ya tatu nilikuwa napikia uani, chakula kwenye ndoo, nakitembeza kwenye boti, sina bomba wala pa kunawia. Nakiri: sijawahi kuuza chakula kichafu kama wiki ile. Faini nililipa, sufuria nikarudishiwa. Maharage sikuyaona.

Basi jibu langu. Mwenye beseni kama lile afungiwe siku hiyo hiyo, hata kadi yake iwe ya jana. Mwenye maji safi na sabuni, kasoro karatasi, apewe wiki mbili, na wapimaji watufuate mwaloni. Waje siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika. Wateja huwa wachache, foleni tutapanga wenyewe.