Kabla Hujamtajia Mromania Habari za Dracula

Mromania akikutajia anakotoka, jizuie kusema neno la kwanza lililokujia kichwani. Kwa kawaida huwa ni mojawapo ya haya matatu: Dracula, Ceaușescu au Budapest. La kwanza ni riwaya ya Mwairishi, la pili ni dikteta wetu aliyepigwa risasi siku ya Krismasi mwaka 1989, na la tatu ni mji mkuu wa Hungaria. Tumezoea kuyasikia, tunatabasamu, na mazungumzo yanafia hapo hapo.

Waswahili mna swali zuri kuliko hayo yote: kwenu wapi? Kiromania ni „De unde ești?” Vijijini wazee huenda mbali zaidi, wanauliza „A cui ești?”, yaani wewe wa nani, mtoto wa ukoo gani. Ukimuuliza Mromania kwao ni upande gani umemfungua mdomo kwa nusu saa. Romania ina watu milioni 19 hivi, lakini mtu wa Oltenia na mtu wa Maramureș hawafanani kwa lafudhi, kwa chakula wala kwa kasi ya kuongea. Muntenia ndiko uliko mji mkuu, București. Oltenia husifika kwa watu wepesi wa maneno na wanaotaniwa kwa kupenda vitunguu vya majani vinavyoitwa praz. Banat iko magharibi, na mji wake Timișoara ndiko mapinduzi ya 1989 yalikoanzia. Dobrogea iko pwani ya Bahari Nyeusi. Halafu kuna Moldova, na hapa angalia usikanyage: Moldova ni jimbo la Romania, na Jamhuri ya Moldova ni nchi nyingine, ng'ambo ya mto Prut. Mtu wa Iași akikwambia yeye ni wa Moldova, hajakwambia kwamba ana pasi ya Chișinău, mji mkuu wa nchi hiyo nyingine.

Transilvania sisi tunaiita Ardeal. Wahungari wanaiita Erdély, Wajerumani Siebenbürgen, na majina yote matatu utayasikia yakitumika na watu waliozaliwa humo humo. Iliungana na Romania tarehe 1 Desemba 1918 huko Alba Iulia, na ndiyo maana tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Wahungari wa Romania ni kama milioni moja, na katika wilaya za Harghita na Covasna ndio wengi. Kosa la mgeni ni kumpongeza muuza duka wa Miercurea Ciuc, mji wa Harghita, kwa „lugha yenu ya Kiromania”. Anaijua, ila nyumbani kwake haisemwi. Msikilize anavyoongea na mteja aliyekutangulia, kisha uamue utamsalimia kwa ipi. Wajerumani wa huko, Wasaksoni walioingia tangu karne ya 12, wengi wao wamehamia Ujerumani, lakini makanisa yao yenye ngome bado yapo, na Rais Klaus Iohannis aliyeongoza kuanzia 2014 hadi 2025 ni mzaliwa wa jamii hiyo.

Sasa Dracula, tummalize. Bram Stoker alitoa riwaya yake mwaka 1897 na hakuwahi kufika Romania. Jina alilichukua kwa Vlad wa Tatu, mtawala wa Wallachia, yaani kusini ya milima na si Transilvania, ingawa inaaminika alizaliwa Sighișoara. Baba yake aliitwa Dracul kwa kuwa alikuwa mwanachama wa chama cha mashujaa cha Joka. Mwana alipata sifa ya Țepeș kwa kuwachomeka watu kwenye miti. Kwa Waromania wengi huyu si mnyonya damu, ni mtawala mkali aliyechukia wizi na aliyepambana na Sultani Mehmed wa Pili mwaka 1462. Kwa hiyo ukimfanyia mzaha wa meno marefu, unamtania kwa jina la mtu ambaye shuleni alifundishwa kumheshimu. Watu wengine wanaona sawa, biashara ni biashara. Wengine wanakereka.

Ngome ya Bran, kilomita 30 hivi kutoka Brașov, ndiyo inayouzwa kama nyumba ya Dracula. Nenda kwa ajili ya Malkia Maria, aliyeipata mwaka 1920 na kuigeuza makazi. Vyumba vyake vinapendeza. Ukitaka Vlad mwenyewe, nenda Târgoviște kwenye magofu ya kasri la watawala, au upande ngazi karibu 1,500 hadi ngome ya Poenari. Kabla ya kupanda Poenari uliza kama njia iko wazi, maana eneo hilo lina dubu. Na dubu si hadithi. Milima ya Carpati ina dubu wengi, na barabara ya Transfăgărășan imejaa waliozoea kulishwa na watalii. Funga vioo, usitupe biskuti, usishuke kupiga picha. Simu yako ikilia ghafla kwa ujumbe wa RO-Alert, soma: mara nyingi ni onyo la dubu au la dhoruba. Namba ya dharura ni 112.

Kosa linalouma kuliko yote ni kuchanganya Waromania na Waroma. Kiswahili kinasaidia hapa, kwa sababu mna neno Warumi. „România” linatokana na Warumi wale wale wa waraka wa Paulo. „Rom” ni neno la lugha ya Kiromani, lenye maana ya mwanamume au mume, na lugha hiyo asili yake ni India. Ni kufanana kwa sauti tu. Waroma wako nchi nyingi za Ulaya. Romania walihesabiwa zaidi ya nusu milioni katika sensa ya 2021.

Lakini sikiliza pia namna Mromania anavyokusahihisha, kwa sababu hapo ndipo wenzangu wengi tunakosea. Mtu anasema „sisi si wale”, na sauti yake imebeba dharau. Waroma walikuwa watumwa katika Wallachia na Moldova kwa karne kadhaa, watumwa wa kununuliwa na kuuzwa, mali ya mtawala, ya watu wakubwa na ya nyumba za watawa, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1855 na 1856. Mwaka 1942 serikali ya dikteta Antonescu iliwahamishia Waroma wapatao 25,000 Transnistria, ng'ambo ya mto Dniester, na maelfu walikufa kwa njaa na baridi. Msomaji wa Zanzibar au Bagamoyo hahitaji kuelezwa jambo kama hilo linaacha nini nyuma yake. Ushauri wangu kwa mgeni: neno „țigan”, jina la dharau kwa Mroma, usilitumie, hata ukilisikia kila kona, na hata ukimsikia Mroma mwenyewe akijiita hivyo.

Lugha yetu si ndugu ya Kirusi. Imetoka Kilatini, na msomaji wa Bukavu au Bujumbura mwenye Kifaransa ataanza kuokota maneno wiki ya kwanza. „Merci” tunaitumia kila siku sambamba na „mulțumesc”. Kinachowasumbua wageni ni kwamba alama ya „yule tuliyemtaja” inabandikwa mwishoni mwa neno: „om” ni mtu, „omul” ni mtu yule. Ninyi mnaopachika viambishi mwanzoni mtahitaji kugeuza kichwa kidogo. Herufi ă, â, î, ș na ț si mapambo. „Fată” ni msichana, „față” ni uso, kijimkia kimoja tu. Anayekwenda kusoma kwa Kiromania hupitia mwaka wa maandalizi wa lugha. Asiidharau miezi ya mwanzo kwa kuwa wenzake bwenini wanaongea Kiingereza, kwa sababu mhadhara wa anatomia hautamsubiri. Udaktari kwa Kiingereza au Kifaransa upo pia, Cluj, Iași na Timișoara.

București na Budapest ziko mbali kwa zaidi ya kilomita 600 hata kwa mstari ulionyooka. Unapokata tiketi usisome jina la mji, soma herufi tatu: OTP ni București, BUD ni Budapest. Ukituma mzigo, andika na jina la nchi.

Viza nayo ina ushauri wa zamani unaozunguka hadi leo. Romania iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, lakini Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, iliingia kwa viwanja vya ndege na bandari tarehe 31 Machi 2024, na kwa mipaka ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Zamani mtu aliyemaliza siku zake 90 Italia aliweza kwenda Romania kwa utaratibu tofauti, na siku za huko hazikuhesabiwa pamoja. Sasa zinahesabiwa: siku 90 ndani ya kila siku 180, nchi zote za Schengen kwa pamoja. Anayekuongoza kwa maarifa ya 2022 anakupeleka kwenye faini.

Pesa ni leu, wingi wake lei, si euro. Euro moja ni kama lei 5. Mwaka 2005 sifuri nne zilikatwa, na wazee hawajazisahau: bibi wa sokoni akikwambia kitu ni „un milion”, anataka lei 100. Usishtuke, na usiondoke.

Ukialikwa nyumbani, beba maua, na uyahesabu. Matatu, matano, saba. Idadi shufwa ni ya msiba, na muuza maua atakuuliza kama hakuelewi. Viatu vivue mlangoni hata mwenyeji akisema acha tu. Anasema kwa adabu. Mtoto au mwanamume akimwambia mama mwenye nyumba „sărut mâna”, maana yake nabusu mkono. Husemwa tu, mara nyingi mkono haubusiwi, kama vile anayesema shikamoo leo haiinamii miguu ya mtu. Hakuna jibu la lazima kama marahaba. Baada ya kula inarudiwa: „sărut mâna pentru masă”, na ukiitamka wewe mgeni, utaongezewa chakula usichokihitaji.

Kwa Mwislamu, jambo la kujua ni kwamba sarmale, zile kabichi chachu zilizokunjwa na nyama, kwa kawaida ni za nguruwe. Sema „Nu mănânc porc” mapema, siku ya mwaliko, si sahani ikiwa mezani. Hotelini na mikahawani kuna njia ya mkato: uliza chakula „de post”. Ni chakula cha mfungo wa Waorthodoksi, hakina nyama, mayai wala maziwa, na vipindi vyao vya kufunga ni vingi. Uislamu nao si mgeni Romania. Dobrogea ilikuwa chini ya Waothmani hadi 1878, Waturuki na Watatari wangalipo, na Msikiti Mkuu wa Constanța uliojengwa kati ya 1910 na 1913 unatazama bahari.

Waromania walioko ughaibuni ni mamilioni. Italia peke yake ina kama milioni moja, mafundi ujenzi, madereva, wanawake wanaotunza wazee wa Kiitalia wakati wazee wao wenyewe wanatunzwa na jirani. Tunalo neno „dor”. „Mi-e dor de casă” lingekuwa hamu ya nyumbani, ila dor ina maumivu kidogo ndani yake. Mwenzako wa kazini akilitamka usimwambie „basi rudi”. Muulize Agosti anakwenda lini. Agosti ndiyo barabara hujaa namba za magari za Italia, Hispania na Ujerumani, harusi hupangwa, na majumba ya ghorofa yaliyofungwa mwaka mzima vijijini hufunguliwa madirisha. Miezi mingine yote ni pachet: boksi linalosafiri kwa basi dogo siku mbili, ndani mna zacuscă ya bilinganya na pilipili hoho, na țuică, pombe kali ya plamu, kwenye chupa ya plastiki ya maji. Usinywe kutoka chupa ya maji jikoni kwa Mromania kabla hujanusa.

Ukitaka kumfurahisha kweli, mpikie mămăligă. Ni ndugu ya ugali, lakini si ugali. Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha chumvi, gramu 250 hadi 300 za unga wa mahindi ya njano uliosagwa chenga. Unga huo kwetu unaitwa mălai, na hapa Mswahili atacheka, maana malai yenu ndiyo tunayoila nayo, ikiwa chachu, pamoja na jibini ya chumvi. Maji yakichemka nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Ukimwaga wote kwa pamoja utapata mabonge ambayo hayatoki tena. Punguza moto, acha dakika 30 hadi 40, ukirudi kukoroga mara kwa mara. Iko tayari inapoachana na sufuria. Pindua juu ya ubao wa mbao, acha ikae dakika tano, kata kwa uzi ulionyooshwa mikono miwili, kwa sababu kisu kinanata. Nairobi na Dar es Salaam tafuta unga ulioandikwa polenta, ila si ule wa dakika tano. Ukikosa usitumie sembe. Utapata ugali, naye atakula wote na kukushukuru, na hutajua kamwe kama alifurahi.