Uliza Mwalimu: Kusini mlima unaanza kwa kushuka

Mvua zimekwisha, nyasi bado hazijachomwa, na barua za wanaotaka kutembea zimekuwa nyingi kuliko za mitihani. Nimechagua zile ambazo hazijirudii.

Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu watatu ni wauguzi hapa mjini. Tukibahatika kupumzika Jumamosi moja, tunaishia ufukweni. Tukisema twende mlimani tunachekwa: Kusini hakuna mlima, nendeni Moshi. Ni kweli?
*Muuguzi, Shangani, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Wanaokucheka wanatafuta kilele chenye theluji ndiyo waite mlima. Mlima wa kwetu umejificha kwa sababu unaupanda ukiwa umekaa ndani ya basi. Uwanda wa Makonde unainuka taratibu kutoka pwani, mikorosho baada ya mikorosho, wala hushtuki, mpaka upande wa magharibi unapokaribia mita 900. Halafu ardhi inakatika ghafla. Hapo pa kukatikia ndipo ilipo Newala, na mahali pa kusimama panaitwa Shimo la Mungu, si mbali na boma la zamani la Wajerumani. Mtoto yeyote wa mjini atakuonyesha.

Ukifika ukingoni usipige picha na kugeuza, kama wafanyavyo wageni wengi. Angalia chini ya miguu yako, utaziona njia za miguu zikiteremka. Hizo hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Udongo wa juu huku ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, kwa hiyo juu ya uwanda hakuna mito. Maji yanakuja kutokea chini, kwenye miguu ya mteremko. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950, kina mama walizishuka njia hizi na vyombo vitupu na kuzipanda navyo vikiwa vimejaa kichwani. Hivyo ukihema pale katikati, kumbuka kwamba wewe umebeba chupa tu.

Sasa lililo muhimu. Moshi unapanda ukiwa na nguvu na unarudi ukiwa umechoka, kwa kushuka. Newala ni kinyume: unaanza kwa kushuka, unacheka, unaimba, na deni linakusubiri wakati wa kurudi. Kila nusu saa ya kushuka niwekee saa nzima ya kupanda, na zaidi kama kuna asiyezoea. Maji mliyobeba, theluthi moja ndiyo ya kushukia, theluthi mbili ni za kupandia. Fikeni Newala Ijumaa, mlale hapo. Mteremko unaelekea magharibi na kusini, kwa hiyo asubuhi uko kivulini na unatembeka vizuri. Mchana jua linauchoma uso wote na mawe yanarudisha joto. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa tatu geuzeni, hata kama mmebakiza hatua chache kufika pale mlipopania. Atakayesema "tumalizie kidogo tu" ndiye mtakayembebea begi.

Bebeni sweta. Watu wa Mtwara mjini hawaamini, lakini Newala mwezi wa sita asubuhi mtatafutana. Bebeni na vitambulisho, maana bonde mnaloliona ni la mto Ruvuma, na ng'ambo ile ya kijani ni Msumbiji. Mpakani mgeni kuulizwa anakotoka ni jambo la kawaida, asikasirike.

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nafundisha sekondari hapa Masasi. Kidato cha pili wanataka kupanda mlima Mtandi, na mkuu wa shule ameniachia mimi niamue. Niwapeleke?
*Mwalimu wa Jiografia, Masasi*

Nzuri, mwenzangu. Wapeleke. Kuwafundisha vilima vya mabaki kwa ubaoni ukiwa Masasi, na dirisha lipo, ni dhambi ndogo. Waoneshe kwanza ukiwa chini: tambarare yote, halafu ghafla jabali tupu limesimama peke yake. Ni mwamba mgumu wa kale. Uliokuwa laini kando yake umelika na kuondoka na maji, huu umekataa.

Anzia kanisani, chini ya mlima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachiwa huru, nia yao ikiwa kwenda upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona inatosha, wakajenga. Ukiwaambia watoto habari hiyo wakiwa wamesimama palepale, na jabali limewainamia, hutahitaji kuwanyamazisha.

Kuhusu kupanda, nitasema bila kuzunguka. Jabali hili lina tabia ya kubanduka maganda. Unaona bamba la jiwe limelala vizuri, unalikanyaga, kumbe chini lina uwazi. Mfundishe kila mtoto kuligonga kwa kisigino kabla ya kuweka uzito. Likilia kama debe tupu, aliache. Ile ukoga ya kijivu na kijani iliyoshika mwamba haina neno ikiwa kavu, lakini umande ukiwapo inateleza kama sabuni, kwa hiyo hapa usiwahi mno: subiri jua lifute jiwe. Hii ni tofauti na nilivyomwambia muuguzi wa Shangani, msije mkanishika uongo. Viatu vya soli ya mpira, si ndala, wala si vile viatu vyeusi vya shule vilivyokwisha kisigino.

Halafu nyuki. Wanakaa kwenye nyufa. Kabla ya siku yenyewe mtafute mzee au kijana wa mtaa ule anayekata kuni huko, akuoneshe nyufa za kuzikwepa, na umlipe posho yake siku ya safari awe mbele. Nyuma kabisa awe mtu mzima asiyependa kusifiwa. Marufuku manukato, marufuku kelele karibu na nyufa, na marufuku kubwa kuliko zote: kusukuma mawe. Chini kuna nyumba za watu. Mvulana wa miaka kumi na tano akiona jiwe la mviringo juu ya mteremko, mikono inamwasha. Mkamate mapema, mpe kazi ya kubeba maji.

Msiwanie juu kabisa. Mahali ambapo mnaanza kuuona mji wote na vilima vingine vya Masasi vimesimama mbalimbali, ndipo kipindi kiliposomeka. Waache wachore.

Bi Mwalimu, salaam. Nimestaafu bandarini, magoti yananisumbua, lakini kukaa barazani kutwa kumenichosha. Mjukuu ana gari. Kuna njia inayonifaa?
*Mzee wa Lindi*

Salaam, kaka yangu. Newala usiende, au uende ukae ukingoni ule upepo. Magoti hayaumizwi sana na kupanda, yanaumizwa na kushuka, na kule kushuka ndiko mwanzo.

Wewe ni mtu wa Ndanda. Iko barabara kuu, kabla hujafika Masasi, chini ya ukingo uleule wa uwanda, ila unautazama kutoka chini. Watawa wa Kikatoliki, Wabenediktini, walifika hapo mwaka 1906, na palipowavuta panaonekana: maji yanatoka mlimani mwaka mzima. Omba ruhusa abasia, kwenye makao yao, kisha fuata kijito kwenda juu kuelekea bwawa. Njia ina miti mikubwa, mwinuko ni wa pole, na kila mahali unaweza kukaa bila aibu. Chukua mkongojo mrefu unaofika kifuani, si bakora ya msikitini. Wakati wa kurudi utangulize mkongojo chini kabla ya mguu, uubebeshe uzito wewe ukifuata. Mjukuu asikuharakishe. Na hospitali ya Ndanda iko hapohapo, ingawa natumaini utaipita tu.

Mwalimu, mimi nasoma chuo. Nataka kwenda Tendaguru nikaone mifupa ya dinosaria. Ni mlima wa kupanda siku moja?
*Mwanachuo, Nachingwea*

Mifupa hutaiona. Bora nikuambie mimi kuliko ukaambiwe na njia. Ile mikubwa iko Berlin, ya dinosaria mmoja imeunganishwa na kusimamishwa kwenye jumba la makumbusho, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Tendaguru yenyewe, kaskazini magharibi mwa Lindi mwendo wa kilomita 60 hivi, ni kilima cha kawaida cha miombo ambacho ungekipita bila kugeuza shingo.

Lakini nenda, kwa ajili ya njia. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alioneshwa mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Kati ya 1909 na 1913 wakachimba, na kuna wakati vibarua walifika 500 hivi. Msimamizi wao hodari, aliyejua kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Vitabu vingi vinataja maprofesa, yeye wanamweka mwishoni. Kisha zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zikateremshwa mpaka bandari ya Lindi. Hapakuwa na lori, na punda hawakufaa kwa sababu ya mbung'o. Zilikwenda vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku nne kwa miguu kila safari. Wewe tembea nusu siku na mikono mitupu, uone.

Anzia kijiji cha Mipingo, ripoti serikali ya kijiji, upewe mwenyeji. Usiende masika, barabara haipitiki. Na ukiona kijiwe kinachofanana na mfupa, kiache kilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haijali kwamba ni kidogo.

Mwalimu, tulitembea Rondo mwaka jana, wawili wetu tukarudi tunajikuna hadi machozi. Tulirogwa? Na wale komba wa Rondo mbona hatukuwaona?
*Mama wawili, Mtama*

Nianze na komba. Ni mnyama mdogo mno, uzito wake gramu 60 tu, na anatoka usiku. Mkitembea mchana yeye amelala. Msitu ule ni wa hifadhi, muwe mnapitia kwa watu wa misitu, TFS, kabla ya kuingia.

Kilichowaroga ni upupu. Kuanzia sasa maganda yake yamekauka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyatazama, yananing'inia kando ya njia. Huhitaji kuyagusa, upepo unakuletea. Vaeni mikono mirefu, na anayetangulia asipige majani kwa fimbo. Yakishawapata msikune wala msisugue na maji, mtayasambaza. Bandikeni plasta na kuibandua, manyoya yatoke nayo. Wakulima wengine hupaka majivu makavu au tope, wakaacha likauke, wakalibandua.

Jambo jingine la msimu huu ambalo hakuna aliyeniuliza: salfa. Kati ya mwezi wa sita na wa nane wakulima wanapuliza mikorosho, tena alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Ndiyo saa ileile ninayowaambia muanze safari. Mkisikia mashine inanguruma shambani, simameni upande upepo unakotoka, au subirini mistari ya karibu na njia imalizike. Macho yakiwasha, maji safi, bila kufikicha.

Tunapanga kurudi Newala mwezi wa kumi. Njia inapita katikati ya mashamba. Tukikuta korosho zimeanguka tunaweza kuokota za kuonja?
*Vijana wa Chikongola, Mtwara*

Hapana. Hata moja. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, na mgeni aliyeinama chini ya mkorosho wakati wa msimu hana maelezo yatakayosikilizwa. Wala msipite katikati ya shamba lililofagiliwa, fuateni mpaka.

Njaa ikiwabana, nunueni kwa kina mama barabarani. Ukifika mapema msimu wa kiangazi utakuta na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, mizuri kwa safari kuliko biskuti. Na mabibo hayana ubishi. Mwiteni mwenye shamba, msalimieni, ombeni. Atasema chukueni. Basi ling'oeni bibo, korosho yake mkaiweke kwenye lundo chini ya mti, yeye akiwa anaona.