Uliza Kifaransa: ni "je suis descendu" au "j'ai descendu"?

Mwalimu habari za kazi. Tulifundishwa descendre (kushuka) inaenda na kisaidizi être (kuwa), sasa kwenye mazoezi nimekutana na "j'ai descendu les valises". Kitabu kimekosea ama?

Nzuri ndugu yangu. Kitabu kiko sawa kabisa, shida ni ile listi ya vitenzi vya être watu wanayokaririshwa bila kuambiwa kilichobaki. Humo ndani kuna sita vya kuviangalia kwa makini: monter, descendre, sortir, rentrer, retourner na passer, hivi vikipata yambwa (kitu kinachotendwa) tu vinahamia kwa avoir (kuwa na). Umeshuka mwenyewe, je suis descendu. Umeshusha masanduku, j'ai descendu les valises. Sisi tunabadilisha kitenzi (shuka/shusha, toka/toa), wao wanabadilisha kisaidizi. Ila usiutegemee huo ulinganisho moja kwa moja maana "nimeshuka ngazi" kwao ni j'ai descendu l'escalier, ngazi inahesabiwa yambwa, basi avoir.

Halafu upatanisho, hapa ndo wengi wanapoteza maksi. Kwa être unafuata mtenda: elle est descendue, unaongeza e kwa sababu elle ni wa kike. Kwa avoir huongezi kitu, isipokuwa yambwa ikitangulia kitenzi: les valises que j'ai descendues, es hiyo ni ya valises (ni neno la kike, tena wingi) wala haihusiani na aliyeshusha. Mtu aliyezoea kusema "masanduku niliyoyashusha" hapaswi kuiogopa, ile -ya- inayofuata -yo- inafanya kazi hiyohiyo.

Nitajuaje neno ni la kike au la kiume jamani??

Miisho inasaidia. -tion karibu yote ni ya kike, -ment karibu yote ya kiume, -age ya kiume lakini page, plage, image, cage, rage na nage ni za kike. Na tafadhali andika maneno mapya kwa un (kiume) au une (kike), sio le/la, kwa sababu ukiandika l'école na l'arbre jinsia imeshapotea hapo hapo kwenye daftari lako. Une école, un arbre, umemaliza.

Kwa nini "j'ai habité ici depuis 2019" nimewekewa kosa?

Kwa sababu bado unakaa hapo! Kitendo kinaendelea, kwa hiyo ni wakati uliopo: j'habite ici depuis 2019, kama wewe unavyosema nakaa hapa tangu 2019, husemi nilikaa. Wengi wanaokosea hapa wanapitia Kiingereza kwanza na safari inakuwa ndefu bure. Ukiwa ulishahama, depuis iache, chukua pendant (kwa muda wa): j'ai habité là pendant 3 ans. Passé composé (wakati uliopita, kama j'ai habité) na depuis utazikuta pamoja zaidi kwenye kukanusha, mfano je n'ai pas mangé depuis hier (sijala tangu jana), hiyo andika bila wasiwasi.