Shule ya kisiwani inapungukiwa watoto

Ndugu, waulizia kwa nini shule yenu ya msingi huko Lamu Mashariki yapungua watoto na alama zashuka. Usianze na alama. Ombeni rejista, mhesabu mahudhurio mwezi kwa mwezi. Pengo likiangukia msimu wa dago, yaani kambi za uvuvi, watoto wamefuata wazazi kuvua, na aliyekosa majuma 5 darasani hurudi wenzake washamaliza hesabu za kugawanya. Mwombeni bibi au shangazi abaki nao kijijini.

Kisha watafuteni wasio na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti ni vigumu kumwingiza mtoto kwenye mfumo wa wizara ya elimu, na asiyeingia humo shule haimpatii mgao wa serikali, shilingi 1,420 kwa mwaka. Watoto 30 ni 42,600, chaki na karatasi hizo! Aliyepita miezi 6 tangu kuzaliwa ni usajili wa kuchelewa: anzeni kwa naibu chifu, na kadi ya kliniki na vitambulisho vya wazazi.