Jibu: Mahekalu ya Kyoto kwa siku moja ya Januari

Ndugu, umeuliza kama siku moja ya baridi inamtosha mtu aliye peke yake kuyatembelea mahekalu ya Kyoto, mji wa Japani. Inatosha, mradi usitake kuyamaliza yote. Anzia Fushimi Inari alfajiri, hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani) lisilofungwa wala kutoza kiingilio, upande mlima chini ya maelfu ya malango mekundu kabla umati haujafika. Kisha nenda Tofuku-ji, hekalu la Kibuddha lililo kituo kimoja tu kwa treni, uketi barazani kuitazama bustani ya mawe na changarawe iliyobuniwa mwaka 1939. Vaa soksi nzito, kwa maana viatu huvuliwa mlangoni na sakafu ya mbao haina huruma. Mahekalu mengi huacha kupokea wageni alasiri, hivyo hekalu la Kiyomizu-dera, linalofungwa saa kumi na mbili jioni, liwe la mwisho.