Kabla hujanunua antena nyingine, pima waya

Mkuu, umeuliza kwa nini picha ya TV yako inaganda na kukatika vipande kila mvua ikipita, halafu inarudi jua likiwaka siku mbili. Hali hiyo nimeishi nayo karibu mwaka mzima hapa Tanga. Fundi aliniambia ninunue antena mpya, kama fundi wako alivyokuambia. Nikanunua, hali ikabaki ile ile. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya unaotoka kwenye antena hadi kwenye king'amuzi.

Chomoa waya pande zote mbili, kwenye king'amuzi na kwenye antena. Wengi hukosea hapa, wanapima waya huku antena bado imefungwa. Antena nyingi zenyewe zinasoma shoti kwenye mita ya umeme (multimeter) kwa jinsi zilivyoundwa, ukaja kuulaumu waya bure. Busta (kikuza mawimbi) na kigawanyio cha waya navyo viondoe. Na usipande juu kukiwa na wingu la radi.

Weka mita kwenye sehemu ya mlio, inayolia ncha zake zikiunganika. Ncha moja iguse waya wa kati, nyingine chuma cha nje cha konekta, kile kichwa cha waya. Ikae kimya. Ikilia, tazama konekta kwanza: mara nyingi ni unywele mmoja wa wavu, ule msuko wa nyuzi unaouzunguka waya ndani ya ganda, umegusa waya wa kati. Kata, menya upya, funga.

Ikikaa kimya, unganisha waya wa kati na wavu kule upande wa antena, urudi chini upime omu (ukinzani wa waya) kati ya waya wa kati na chuma cha konekta. Waya usio na kasoro wa urefu wa mita 20 unasoma omu chache tu. Wangu ulisoma 38, na nikiutikisa pale dirishani namba zinaruka. Kuumenya, wavu wa shaba umekuwa unga wa kijani. Maji yaliingilia konekta ya juu ambayo haikufungwa tepu, chumvi ya bahari ikamalizia.

Lakini mita haioni yote. Waya ulionyonya maji waweza kupima vizuri huku unameza mawimbi. Kwa hiyo azima waya mfupi mzima, peleka king'amuzi na TV karibu na antena, ufungue menyu inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Ubora ukipanda sana na ukatulia, antena yako haina kosa.

Ukinunua, chukua waya wa antena aina ya RG6 wa omu 75. Konekta ya juu izungushie tepu isiyopitisha maji, na kabla waya haujaingia ndani uache uning'inie chini ya tundu kisha upande, maji yadondokee nje. Wangu umeshapita masika mawili hivyo.