Utukufu kwa Mungu: Neno Zito Tunalolitamka kwa Wepesi

Nimekuwa mwalimu wa kwaya katika usharika wetu kwa miaka 14, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimelitamka neno "utukufu" mara nyingi kuliko nilivyolitafakari. Tulikuwa tukimaliza kuimba, akina mama wakipiga vigelegele, na mtu akija kunipongeza mlangoni nilimjibu upesi, "Utukufu kwa Mungu," huku moyoni nikiihifadhi ile sifa kama mtu anayejiwekea akiba. Ninawaandikia wote wanaotumika kanisani, wawe waimbaji, wahubiri, walimu wa shule ya Jumapili au wazee wa kanisa, kwa sababu sidhani kwamba kosa hili nililifanya peke yangu.

Mwaka mmoja tulishiriki mashindano ya kwaya. Tulifanya mazoezi kwa miezi 3, tukashona sare mpya, tukawa wa pili. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kujihesabu washindi, nilirudi nyumbani na kinyongo kilichokaa zaidi ya wiki nzima. Usingizi ulinipaa, nikawa kila usiku nawarudia waimbaji mmoja mmoja kichwani, hasa wale wa sauti ya nne walioshuka sauti katika ubeti wa mwisho, na katika siku zote hizo sikujiuliza hata mara moja kama Mungu alikuwa ametukuzwa. Ndipo siku moja nikasoma habari za wale wakuu walioamini lakini wakaogopa kumkiri Yesu wasije wakatengwa na sinagogi, na sababu inayotolewa katika Yohana 12:43 ikanichoma: "Kwa maana walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu."

Kiebrania huuita utukufu kavod, neno lenye mzizi mmoja na neno la uzito. Anayesema Kiswahili halioni jambo hilo kuwa geni, kwani nasi husema mtu mzito na maneno mazito bila kufikiria mizani. Kitabu cha 1 Samweli kinautumia mzizi huo kwa namna inayotisha. Katika sura ya 2 Mungu anamkemea kuhani Eli kwa kuwaheshimu wanawe kuliko yeye, yaani kuwapa uzito zaidi, na kwa kujinenepesha kwa sehemu bora za sadaka. Katika sura ya 4, habari inapofika kwamba Sanduku la Mungu limetekwa, Eli anaanguka kutoka kitini na kuvunjika shingo, na tunaambiwa kwamba alikuwa mzee tena mzito. Mistari michache baadaye mkwewe anamwita mtoto wake Ikabodi, kwa kuwa utukufu umeondoka katika Israeli. Nyumba ya kuhani ilikuwa imejaa uzito wa nyama za sadaka, na uzito wa Mungu ulikuwa umeshaihama. Nilipoyaona hayo niliifikiria ile wiki yangu ya kinyongo, nikaona wazi ni nani aliyekuwa mzito zaidi moyoni mwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchunguza kinachotunyima usingizi baada ya huduma. Maneno ya midomoni hudanganya kwa urahisi, lakini usiku hudhihirisha ni heshima ya nani tunayoiona imejeruhiwa.

Jambo jingine linahusu namna tunavyouomba utukufu. Mara nyingi tunaposema "Bwana, tuonyeshe utukufu wako" tunatazamia kishindo, na ni kweli kwamba Sinai kulikuwa na moto na wingu. Hata hivyo, Musa alipoomba hivyohivyo katika Kutoka 33, Mungu alimjibu kwamba atapitisha wema wake wote mbele yake, na katika sura ya 34 akalitangaza jina lake: Mungu mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Naye Yesu aliposema, "Saa imefika atukuzwe Mwana wa Adamu," alikuwa akizungumzia kifo chake, chembe ya ngano inayoanguka katika nchi na kufa. Tukiutafuta utukufu palipo na spika kubwa peke yake, tutaupita njiani bila kuujua.

Mimi niliuona katika chumba kidogo. Wiki chache baada ya mashindano yale tulikwenda watu 6 kumwona mama aliyeimba nasi sauti ya pili kwa miaka mingi kabla ya kiharusi kumwondolea usemi. Hatukuwa na kinanda, tulianza wimbo kwa ufunguo wa juu mno, na sauti ya tatu ilikuwa na mtu mmoja mwenye mafua. Katikati ya ubeti wa pili niliona kidole cha mkono wake wa kushoto kikigonga juu ya kitenge alichofunikwa. Nilidhani anafuata mapigo yetu, kisha nikatambua kwamba kinagonga pale sauti ya pili inapoingia peke yake, mahali ambapo sisi tulikuwa tumepasahau. Tulirudia, safari hii kwa kumfuata yeye. Hakuna aliyepiga makofi, na sijawahi kuwa na hakika kama ile kwamba Mungu yupo na anasikiliza.

Hayo hayamaanishi kwamba tuimbe ovyo kwa kisingizio cha unyenyekevu. Paulo anasema tufanye yote kwa utukufu wa Mungu, hata kula na kunywa, kwa hiyo kujifunza noti vizuri ni sehemu ya ibada. Johann Sebastian Bach, aliyeongoza muziki wa kanisa Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750, aliandika herufi S.D.G. mwishoni mwa nyimbo zake nyingi, yaani utukufu kwa Mungu peke yake, na mara nyingi mwanzoni aliweka J.J., yaani Yesu, nisaidie. Nimeiga hilo la mwanzoni: kabla ya kuandika noti ubaoni naandika ombi hilo kwa Kiswahili, nasi tunaliomba kabla ya kufungua vinywa.

Na mtu akinipongeza mlangoni siku hizi, namwambia asante, kisha namuuliza habari za nyumbani kwake na kusikiliza mpaka amalize.